Kuwa Huru Kati ya Mirengo Miwili: Kazi Inayomsubiri Mgombea Asiye na Chama Nairobi

Kenya ina makumi ya vyama vya siasa vilivyosajiliwa, lakini uchaguzi ukikaribia vyote hujipanga pande mbili. Mwaka 2013 ilikuwa Jubilee na CORD, 2017 Jubilee na NASA, 2022 Kenya Kwanza na Azimio. Majina ya mirengo hubadilika na vinara hubadilishana viti, ila swali analoulizwa mkazi wa Kayole au Kawangware ni lile lile: wewe ni wa upande gani? Anayejibu kwamba hana upande hushukiwa. Labda anaficha, labda bado hajafikiwa bei. Makala hii namwandikia yule anayejibu hivyo kwa dhati, na hasa yule anayewaza kuomba kura mwaka 2027 bila tiketi ya chama.

Chama, hata kile kibovu, kina kazi kinazofanya. Kinampa mgombea alama ambayo watu wanaijua tayari, kinaweka maajenti vituoni, kinatafuta wakili mambo yakiharibika, na baada ya ushindi kinamgawia mbunge nafasi kwenye kamati. Ukikataa chama, kazi hizo hazifi. Zinakuhamia wewe, zote kwa pamoja. Wagombea huru wengi huanguka kwa kuwa walitoka chamani kwa hasira ya mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea, na hawakuwahi kuuliza nani atazibeba kazi hizo.

Kwanza tuelewe kwa nini pande ni mbili. Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Hakuna jamii wala chama kimoja nchini kinachoweza kufikisha hesabu hiyo peke yake, kwa hiyo vyama hulazimika kuungana kabla ya kura. Huku chini, kiti cha mbunge na cha diwani huenda kwa anayeongoza tu, hata kwa kura moja, na wa pili hapati kitu. Msomi Mfaransa Maurice Duverger alieleza tangu miaka ya 1950 kwamba utaratibu wa aina hiyo huwasukuma wapiga kura kwenye pande mbili, maana hakuna anayetaka kura yake ipotee. Matokeo ya urais ya 2022 yanaonyesha hivyo waziwazi: William Ruto asilimia 50.49, Raila Odinga 48.85, na wagombea wawili waliobaki, George Wajackoyah na David Waihiga Mwaure, hawakufikisha hata asilimia moja kwa pamoja. Mgombea huru hakuwemo kabisa kwenye karatasi ya urais mwaka huo, ingawa 2017 walikuwemo watatu: Joseph Nyagah, Michael Wainaina na Japheth Kaluyu.

Juu ya hesabu hiyo kuna siasa ya suti. Vinara huwahimiza wafuasi wapige suti nzima, kuanzia rais mpaka diwani, vipande sita vya rangi ya chama kimoja. Pale ambapo suti inavaliwa, mgombea huru anashindana na jina lililo juu kabisa ya kampeni, hata kama mpinzani wake wa wadi hajulikani na mtu. Jijini, mwaka 2017 Peter Kenneth alishindwa na Mike Sonko kwenye mchujo wa Jubilee, akaendelea hadi debeni akiwa huru. Miguna Miguna naye aligombea ugavana huo huo bila chama. Wote wawili walikuwa watu wanaojulikana nchi nzima, na wote waliachwa mbali sana. Sonko na Evans Kidero wa ODM, chama alichokiongoza Raila, waligawana karibu kura zote.

Hata hivyo, njia ipo na watu wamepita. Katika Bunge la Taifa lenye viti 349 waliingia wabunge huru 14 mwaka 2017 na 12 mwaka 2022. Mwaka 2017 magavana wawili walishinda bila chama, Mohamed Kuti wa Isiolo na Ndiritu Muriithi wa Laikipia, na Charles Kibiru akachukua useneta wa Kirinyaga. Jambo hili ni jipya kwetu kuliko tunavyodhani. Katika chaguzi zote za vyama vingi kuanzia 1992 hadi 2007, mtu asiyeteuliwa na chama hakuweza kugombea ubunge. Mlango ulifunguliwa na Katiba ya 2010. Kwa jirani zetu Tanzania mlango huo umefungwa mpaka leo, licha ya Mchungaji Christopher Mtikila kuipeleka serikali mahakamani kwa miaka mingi na hatimaye kushinda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, Juni 2013. Aliyepewa haki hii na Katiba yake anapaswa kuitumia vizuri.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kifungu cha 85 kinasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote, na asiwe amekuwa mwanachama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ujao unaangukia tarehe 10 Agosti 2027, na miezi mitatu kurudi nyuma inakufikisha tarehe 10 Mei. Watu wengi hungoja mchujo uishe mwishoni mwa Aprili ndipo wakimbilie barua ya kujiuzulu. Wanabaki na siku chache mno, na siku hizo huliwa na foleni, likizo ya Leba Dei, na karani wa chama ambaye ghafla haonekani ofisini. Kama una nia ya kuwa huru, toka mwaka mmoja kabla.

Kutoka kwenyewe kuna utaratibu. Andika barua ya kujiuzulu kwa nakala tatu. Moja peleka makao makuu ya chama na uhakikishe imegongwa muhuri wa kupokewa wenye tarehe. Ya pili, ikiwa na muhuri huo, peleka kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ya tatu baki nayo. Kisheria kujiuzulu kunaanza kuhesabiwa pale chama kinapopokea barua, kwa hiyo muhuri huo ndio ushahidi wako siku mpinzani atakapodai ulikuwa bado mwanachama. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, sehemu ya Msajili wa Vyama, uangalie kama jina lako limeondolewa kweli. Wapo ambao hawajawahi kujiunga na chama maishani na bado majina yao yamo. Mwaka 2021, Msajili alipofungua sajili hiyo ili wananchi wajiangalie, Wakenya wengi walishtuka kujikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Baadaye utamwomba Msajili akupe idhini inayoonyesha huna chama, na hapo ndipo mabaki ya namna hiyo huibuka.

Diwani au mbunge aliye kazini ajue kwamba akikihama chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti. Mtumishi wa umma anayetaka kugombea anatakiwa awe amejiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi. Mwalimu anayefikiria wadi yake aanze kuhesabu Februari 2027, asingoje Mei.

Baada ya hapo kunakuja saini, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi hukwama. Katiba inataka mgombea huru wa udiwani aungwe mkono na angalau wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, wa ubunge 1,000 wa eneobunge, wa useneta 2,000 wa kaunti. Mgombea urais anahitaji 2,000 kutoka kila kaunti katika zaidi ya nusu ya kaunti, ambazo ni angalau 48,000. Kwa diwani, 500 zinasikika kama kazi ya wikendi moja. Si hivyo. Wanaokuunga mkono nao hawatakiwi kuwa wanachama wa chama chochote, na lazima wawe wamesajiliwa kupiga kura pale pale unapogombea.

Nairobi ni jiji la wapangaji. Mtu anaishi Pipeline miaka minane, anakujua kwa jina, yuko tayari kukupigania, lakini kura yake iko Kakamega au Kitui. Mwingine alijisajili akiwa Umoja, sasa amehamia Githurai, ambako ukivuka barabara umo Kiambu. Mama mwenye kibanda Gikomba yuko sokoni Kamukunji mchana kutwa ilhali kura yake iko Embakasi. Ukisimama kwenye steji ya matatu na kukusanya majina ya kila anayepita, utarudi na karatasi zilizojaa na majina yanayohesabika yakiwa machache.

Kwa hiyo panga hivi. Lenga angalau mara moja na nusu ya idadi inayotakiwa, na ukiweza lenga maradufu: diwani akusanye kati ya 800 na 1,000, mbunge 2,000. Kusanya milangoni, ploti kwa ploti, jioni na Jumapili, badala ya sokoni. Karatasi iwe na safu za jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, kituo alichosajiliwa, simu na saini. Anayekusanya asome nambari ya kitambulisho kwa sauti, mwenyewe aithibitishe, ndipo aandike, kwani tarakimu moja ikikosewa jina zima limeenda. Maswali mawili yaulizwe kabla ya kalamu kushikwa: kura yako iko kituo gani, na je, umeangalia kama umeandikwa chama? Kwa wasiojua la pili, kaeni nao dakika tano muingie eCitizen kwa simu yao. Ni kazi ya polepole. Watu wanane, kila mmoja akipata majina 25 safi kwa siku, watamaliza 2,000 kwa siku kumi, na siku hizo kumi zinaweza kusambazwa kwa wikendi tano.

Kila jioni mtu mmoja ayaingize majina kwenye jedwali la kompyuta, kwa kuwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) huyataka kwa karatasi na kwa nakala ya kompyuta pia. Jedwali litakuonyesha nambari za vitambulisho zilizojirudia kabla karani wa tume hajazigundua. Na kumbuka kwamba umeshika habari za siri za watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Usiyatume majina hayo kwenye vikundi vya WhatsApp, usimpe mtu wa kampeni nyingine, usiyatumie kwa jambo ambalo aliyetia saini hakuambiwa. Mtu aliyekuamini na nambari yake ya kitambulisho katika jiji lililojaa matapeli amekupa kitu kikubwa.

Kosa lingine ni kulipia saini. Ukitoa shilingi hamsini kwa kila jina, kufikia jioni utakuwa na majina yaliyoandikwa na mkono mmoja. Tume ikiligundua hilo orodha yako yote inatiliwa shaka, na yale majina halali yaliyopatikana kwa jasho yanaingia kwenye shaka hiyo.

Alama ni jambo dogo linaloweza kukuangusha. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Uchaguzi kinamtaka mgombea huru awasilishe alama yake kwa tume angalau siku 21 kabla ya uteuzi, na tume inaweza kuikataa ikiwa ya matusi, ikiwa ni ya mgombea au chama kingine, au ikifanana nayo mno. Chungwa, wilbaro, mwavuli, jogoo na simba zina wenyewe. Chagua kitu kimoja, kinachotajika kwa neno moja na kila mtu wa mtaa, na kinachotambulika kikichorwa kidogo kama ukucha: tochi, kiti, kijiko, ngazi. Usichague mchoro wenye vitu vitatu na maandishi. Peleka alama ya kwanza ukiwa na ya pili na ya tatu mfukoni, kwani wagombea huru wawili kutaka tochi ile ile si ajabu, na usichapishe bango lolote kabla ya kupata kibali kwa maandishi. Mabango yaliyochapishwa mapema kwa alama iliyokataliwa ni pesa iliyotupwa, na mbaya zaidi, watu wameshaikariri alama ambayo hawataiona kwenye karatasi ya kura.

Siku ya uteuzi nenda kwa msimamizi wa uchaguzi mapema, katika saa uliyopangiwa, na watu wachache tu. Beba fomu ya uteuzi iliyotiwa saini na mpendekezaji na anayemuunga mkono, kitambulisho halisi na nakala, orodha ya saini, idhini ya Msajili wa Vyama, tamko la kiapo, fomu ya maadili ya tume ya kupambana na ufisadi, kanuni za maadili ya uchaguzi zilizotiwa saini, picha, na hundi ya benki ya ada. Ada yenyewe si kubwa. Kwa kanuni zilizotumika 2022, mbunge alilipa 20,000 na diwani 5,000, na wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nusu yake. Hapa mgombea huru ana nafuu, kwa kuwa vyama vikubwa huwatoza wanaotaka tiketi ya ubunge mamia ya maelfu kabla ya mchujo wenyewe. Ukikataliwa, usiondoke bila sababu kwa maandishi. Malalamiko huenda kwenye kamati ya tume ya kutatua mizozo, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku kumi. Mzozo wako ukiwa na chama, kwa mfano chama kinachodai wewe bado ni mwanachama wake, jopo la kuamua mizozo ya vyama vya siasa lina mamlaka ya kukusikiliza hata kama huna chama.

Gharama halisi inaanza usiku wa kura. Sheria inasema kituo kimoja kisizidi wapiga kura 700. Nairobi ilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 2.4 mwaka 2022, wakigawanyika katika maeneobunge 17 na wadi 85. Piga hesabu ya wastani: wadi moja ina zaidi ya wapiga kura 28,000, hivyo vituo visivyopungua 41. Eneobunge lina takriban 142,000, hivyo vituo zaidi ya 200. Chama kikubwa kina ajenti katika kila kimoja, na ajenti huyo anawalinda wagombea wake wote sita. Wako anakulinda wewe peke yako. Ukimpa kila ajenti 1,500 za nauli na chakula, diwani anahitaji zaidi ya 61,000 na mbunge zaidi ya 300,000, kwa siku moja.

Kuna namna ya kupunguza mzigo huu kihalali. Wagombea huru wa viti tofauti katika eneo moja wanaweza kukubaliana kugawana gharama za chakula, usafiri na mafunzo, ingawa kila ajenti abaki na barua ya mgombea wake. Tafuta maajenti miongoni mwa walewale waliokutilia saini. Mwalimu wa kujitolea, kinyozi, katibu wa chama cha akina mama cha ploti: watu waliozoea kuandika hesabu na kukesha. Wafundishe kabla, kwa kutumia fomu tupu. Matokeo ya ubunge huandikwa kwenye Fomu 35A na ya udiwani kwenye Fomu 36A. Ajenti aelewe kwamba anaruhusiwa kuomba kura zihesabiwe upya pale kituoni, isizidi mara mbili. Aelewe pia kwamba akikataa kutia saini lazima aandike sababu, na kwamba kutokuwepo kwa saini yake pekee hakubatilishi matokeo. Ajenti anayesusia na kuondoka kwa hasira saa nane usiku amemwachia mpinzani chumba. Asubiri nakala yake ya fomu, apige picha ile iliyobandikwa mlangoni, aitume kwa mtu mmoja aliyeketi na jedwali, kisha aende nyumbani.

Fomu hizo ndizo kesi yako ikibidi. Una siku 28 za kuwasilisha ombi mahakamani, na dhamana ya gharama ni shilingi 100,000 kwa kiti cha diwani na 500,000 kwa mbunge. Hakuna chama cha kukulipia. Wala hutapata senti kutoka Mfuko wa Vyama vya Siasa, ambao sheria inataka upewe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Pesa hizo ni zetu sote, pamoja na wapiga kura waliochagua watu huru, na kwangu mimi hili ni dhuluma inayostahili kupelekwa bungeni.

Tuseme umeshinda. Hapa ndipo wachache hufikiria mapema, na hapa ndipo uhuru hupimwa kweli.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni Kawira Mwangaza. Alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Meru mwaka 2017 akiwa huru, na 2022 akashinda ugavana wa kaunti hiyo hiyo akiwa huru tena, katika ngome ambako upepo wa UDA, chama cha Ruto, ulikuwa mkali. Ni ushindi ambao vyama vilipaswa kuusoma. Lakini aliingia ofisini bila kundi lolote la madiwani linalomtambua kama kiongozi wake. Gavana huhitaji bunge la kaunti lipitishe bajeti, liidhinishe mawaziri wake, na lisimwondoe. Madiwani walipiga kura ya kumbandua Desemba 2022, Seneti ikamwokoa. Wakarudia 2023, Seneti ikamwokoa tena. Mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ilikubaliana nao, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakataa kuubatilisha uamuzi huo. Mtu anaweza kubishana kuhusu makosa aliyoshtakiwa nayo. Ninachokiona ni kwamba gavana mwenye chama akianza kuzozana na madiwani, kuna kinara wa kuwaita wote mezani kabla kura haijapigwa. Mgombea huru wa ugavana anayekosa orodha ya madiwani huru wa kusimama naye tangu siku ya kwanza anajiweka mikononi mwa wengine.

Mbunge huru ana hali tofauti kidogo. Nafasi za kamati hugawanywa na vyama kupitia viranja wao, na viti vya uteuzi, yaani vile vya orodha za vyama, huhesabiwa kwa idadi ya viti ambavyo kila chama kimeshinda. Viti vya watu huru havizai uteuzi wowote. Akitaka kamati ya maana, hana budi kuelewana na mrengo mmoja. Kuelewana kunaruhusiwa. Kujiunga na chama hakuruhusiwi: Kifungu cha 103 kinasema mbunge aliyechaguliwa akiwa huru akijiunga na chama, kiti chake kinakuwa wazi, na Kifungu cha 194 kinasema vivyo hivyo kwa diwani. Nchini Marekani, ambako vyama viwili vimetawala kwa zaidi ya karne moja na nusu, maseneta Bernie Sanders wa Vermont na Angus King wa Maine wamechaguliwa wakiwa huru, na hupata nafasi zao za kamati kwa kuketi na kundi la Democrats. Wapiga kura wao wanalijua hilo kabla ya kura. Kwetu wengi hulijua baada.

Ndiyo maana ninaamini mgombea huru anapaswa kuandika na kuchapisha makubaliano yake ya bungeni kabla ya uchaguzi. Ataketi na nani? Katika mambo gani atapiga kura na serikali, yapi hatapiga hata akiitwa Ikulu? Kuhusu ushuru, kuhusu mgao wa hazina ya ustawi wa eneobunge, kuhusu uteuzi wa makamishna wa IEBC? Ukurasa mmoja unatosha. Tangu maandamano ya Juni 2024, vijana walipojitangaza hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi, neno huru limepata wateja wengi, na wapo wanaolivaa kwa kuwa tu wamekosa tiketi. Ukurasa huo ndio unaowatenganisha.

Na mpiga kura asiye na chama? Mkataba wa Machi 2025 kati ya UDA na ODM ulimfundisha kwamba aliyemchagua ili apinge anaweza kuamka akiwa sehemu ya serikali. Hahitaji kuhamia kokote. Ana karatasi sita za rangi tofauti: nyeupe ya rais, buluu ya gavana, njano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa wanawake na ya rangi ya mchanga ya diwani. Kila moja ni uamuzi wa peke yake. Anayechanganya alama aende taratibu kwenye kibanda, akague jina na picha kabla ya kutia alama, na atumbukize kila karatasi kwenye sanduku lenye kifuniko cha rangi yake. Mgombea huru akija mlangoni, amuulize yuko na saini ngapi mpaka sasa, ana maajenti wangapi, alitoka chama gani lini na kwa nini, na ule ukurasa wa makubaliano uko wapi. Anayejibu maswali hayo bila kubabaika anastahili saini, na saini hiyo itahesabiwa tu kama jina la anayeitia halimo kwenye sajili ya chama. Hilo la mwisho linaweza kuangaliwa leo hii kwenye eCitizen. Ukikuta umeandikwa usikojua, jiondoe hapo hapo, piga picha ya skrini, kisha mwandikie Msajili umweleze kwamba uliandikishwa bila ridhaa yako.